Aliyetoa kitanda chake: Noeli ya Francisco Xavier katika Kisiwa cha Msumbiji

Desemba inapoingia, maswali yanayoulizwa katika makazi ya waliohama, kuanzia Palma hadi Pemba, huongezeka. Watu bado wanauliza mgao utakuja lini na maturubai yatagawiwa wapi. Lakini wazazi Wakristo huongeza jambo jingine: mwaka huu tutawapa watoto nini siku ya Noeli? Kuku ni ghali, na nguo mpya ni ghali zaidi. Mtu aliyeacha nyumba, mtumbwi na minazi yake huona haya kwenda kusali mikono mitupu. Huona haya zaidi anapotaka kumtembelea jirani aliyempokea siku ya kwanza, maana kwa desturi zetu mgeni haingii kwa mwenyeji wake kila mara bila kubeba chochote.

Ikiwa nawe una wazo hilo moyoni, makala hii ni yako. Tunakusimulia maisha ya Francisco Xavier, ambaye Wakatoliki wa Tanzania humwita Fransisko Ksaveri. Sikukuu yake huadhimishwa tarehe 3 Desemba, ndani ya majira ya Majilio, Wakristo wanapojiandaa kwa Noeli. Wengi wanamfahamu kama mmisionari wa India na Japani. Wachache wanajua kwamba Noeli ya mwaka 1541 ilimkuta hapa kwetu, katika Kisiwa cha Msumbiji, mkoa wa Nampula wa leo, akiwa kati ya wagonjwa, naye mwenyewe si mzima.

Ikiwa wewe ni Mwislamu, endelea kusoma pia. Habari hii inagusa pwani yetu sote, na mwishoni utaona kwamba maisha ya mtu huyu yana mambo ya kuiga na mengine ya kukataa.

Mtoto wa vita

Xavier alizaliwa tarehe 7 Aprili 1506 katika ngome ya ukoo wake huko Navarre, ufalme mdogo uliokuwa kati ya Hispania na Ufaransa. Baba yake alikuwa mtu mkubwa serikalini. Mtoto huyo angeweza kukua kwa raha, lakini alipokuwa na umri wa miaka sita, mwaka 1512, jeshi kutoka Hispania liliingia na kuiteka Navarre. Baba yake alifariki mwaka 1515. Mwaka uliofuata watawala wapya waliamuru kuta na minara ya ngome yao ibomolewe, na sehemu ya ardhi yao ikachukuliwa. Francisco, akiwa na miaka kama kumi, alishuhudia kwao kukigeuzwa kifusi.

Mwaka 1521 kaka zake wakubwa walishika silaha upande wa wale waliotaka kuirudisha Navarre. Walishindwa, na kwa miaka kadhaa familia iliishi kwa hofu hadi msamaha ulipotolewa. Katika vita hivyohivyo, upande wa pili, alikuwepo askari mmoja aliyevunjwa mguu na risasi ya mzinga mjini Pamplona. Jina lake Ignatius, wa Loyola. Likumbuke jina hilo, maana utalisikia tena baada ya muda mfupi.

Kwa hiyo mtu tunayemsimulia aliijua hali ambayo wengi wetu tumeijua tangu tarehe 5 Oktoba 2017, Mocímboa da Praia iliposhambuliwa kwa mara ya kwanza, na tena tangu tarehe 24 Machi 2021 kule Palma. Alijua maana ya kuwa na kwenu leo, na kesho kuulizwa unatoka wapi.

Kwanza alipokea

Mwaka 1525, akiwa na miaka 19, Xavier alikwenda Paris kusoma. Alikaa chumba kimoja na kijana mpole aitwaye Pierre Favre, mtoto wa wafugaji wa kondoo. Mwaka 1529 akaongezeka mwanafunzi wa tatu, mtu mzima anayechechemea. Alikuwa ni yuleyule Ignatius wa Loyola, ambaye baada ya kujeruhiwa aliacha uaskari na kuamua kumtumikia Mungu.

Fikiria hali ilivyokuwa chumbani humo. Kaka zake Xavier walipigana upande mmoja, na Ignatius alijeruhiwa akipigana upande mwingine. Xavier hakumpenda mwanzoni. Alikuwa kijana mwenye ndoto za cheo, hodari wa michezo, asiye na pesa za kutosha. Inasimuliwa kwamba Ignatius hakubishana naye. Xavier alipoanza kufundisha, Ignatius alimtafutia wanafunzi, na alipoishiwa, alimsaidia fedha. Polepole urafiki ukaota. Tarehe 15 Agosti 1534 vijana saba, Xavier akiwa mmoja wao, walipanda kilima cha Montmartre na kuweka nadhiri ya kuishi kwa ufukara. Kundi hilo ndilo lililokuja kuwa Shirika la Yesu, yaani Wajesuiti.

Kabla ya kuwa mtoaji, Xavier alikuwa amepokea, tena kutoka kwa mtu ambaye kwa hesabu za vita angekuwa adui yake.

Noeli ya njaa, Roma 1538

Marafiki hao walifika Italia. Mjini Venice walihudumu katika hospitali ya wagonjwa waliohesabiwa kuwa hawaponi. Walitandika vitanda, wakaosha vidonda na kuzika wafu. Xavier alipewa upadre hapo tarehe 24 Juni 1537. Mwaka uliofuata walikuwa Roma.

Majira ya baridi ya mwaka 1538 kuingia 1539 yalikuwa mabaya sana Roma. Mavuno yalikuwa yameharibika, chakula kikapanda bei, na watu wa vijijini wakamiminika mjini. Baridi iliwaua wengine barabarani. Kundi la Xavier, watu kumi hivi wasio na mali, lilikuwa limepewa nyumba ya kukaa. Usiku walitoka kuwatafuta waliolala nje, wakawaleta ndani, wakawatandikia majani makavu, wakawasha moto na kuwapikia walichokipata kwa kuombaomba. Wakati fulani nyumba hiyo ilikuwa na watu kati ya 300 na 400. Usiku wa Noeli ya mwaka huo Ignatius aliadhimisha misa yake ya kwanza katika kanisa kubwa la Maria wa Roma, mbele ya altare ya hori, mahali ambapo Wakristo wa mji huo hukumbuka kuzaliwa kwa Yesu.

Msomaji uliyefika Pemba mwezi Oktoba 2020, maelfu walipokuwa wakishuka kutoka kwenye mashua katika ufukwe wa Paquitequete, hadithi hii haikushangazi. Uliona nyumba ya vyumba viwili ikilaza familia tatu. Uliona sufuria iliyopikiwa watu sita ikigawiwa kwa kumi na wanane. Watu wengi waliokimbia vita katika Cabo Delgado walipokelewa na ndugu, marafiki na hata wasiowajua, kabla ya shirika lolote kuandika majina yao. Mashirika yalikuja baadaye. Mwenye nyumba alikuwa wa kwanza.

Alivyokataa zawadi za mfalme

Mwaka 1540 mfalme wa Ureno, João wa Tatu, aliomba mapadre wa kwenda India. Aliyechaguliwa aliugua, na Xavier akaambiwa achukue nafasi yake. Alipewa taarifa siku moja tu kabla ya kuondoka. Hakuwa na mizigo ya kufunga.

Lisbon walimpa heshima kubwa. Papa alikuwa amemfanya balozi wake kwa nchi zote za Mashariki, na watumishi wa mfalme walitaka asafiri kama balozi. Walimwambia achukue kila atakachohitaji. Alipokea nguo nzito za kujikinga na baridi ya ncha ya kusini ya Afrika, na vitabu vichache. Walimsihi achukue walau mtumishi mmoja, kwa kuwa si heshima balozi wa Papa kuonekana akifua nguo zake au kupika mbele ya watu. Akajibu kwamba atafua na kupika mwenyewe, na kwamba kujali heshima ya namna hiyo ndiko kulikolidhuru Kanisa.

Walitweka tanga tarehe 7 Aprili 1541, siku alipotimiza miaka 35. Merikebu zilikuwa tano, na Xavier alikuwa katika ile ya gavana mpya wa India, Martim Afonso de Sousa. Kwa miezi miwili aliteswa na kichefuchefu cha bahari. Mbele ya pwani ya Guinea walitaabika siku 40. Maji yakaoza na watu wakaugua. Gavana alimletea chakula kutoka mezani kwake, naye alikipeleka kwa wagonjwa waliolala sitahani na chini ya sitaha.

Noeli ya 1541

Walifika Kisiwa cha Msumbiji wakiwa wamechelewa. Wewe wa pwani unajua mambo ya upepo. Kusi inayosukuma vyombo kwenda India ilikuwa inaisha, na atakayeikosa hana budi kungoja msimu mwingine. Wakakaa kisiwani kama miezi sita.

Ngome kubwa ya São Sebastião, inayoonekana leo kwenye ncha ya kisiwa, ilikuwa haijajengwa. Ujenzi wake ulianza mwaka 1558. Kulikuwa na makazi madogo ya Wareno, kanisa dogo la Baluarte kando ya maji, wenyeji wa kisiwa na biashara zao, na hospitali ndogo mno kwa idadi ya watu walioshushwa. Abiria wa merikebu tano, wengi wao wakiwa na homa, waliteremka kwa pamoja mahali penye maji haba. Xavier na wenzake wawili walihamia hospitalini. Wenzake walishughulikia wagonjwa waliokuwa humo, na yeye alizunguka kuwasikiliza, kuwapa sakramenti na kuwatuliza waliokuwa wakikata roho. Kwa maelezo aliyoandika baadaye, watu wapatao 80 walifia kisiwani katika miezi hiyo.

Inasimuliwa na daktari aliyesafiri nao kwamba siku moja alimkuta Xavier mwenyewe akichemka kwa homa huku akiendelea kuhudumia wengine. Daktari alimwamuru alale. Xavier akaomba usiku mmoja zaidi, kwa sababu kulikuwa na baharia mmoja maskini aliyekuwa hoi na roho yake haijatulia. Asubuhi daktari alimkuta baharia amelazwa kwenye kitanda cha padre, na padre amekaa kando yake. Baharia alifariki jioni ya siku hiyo, akiwa ametulia. Ndipo Xavier akakubali kulala.

Noeli ikapita. Tarehe 1 Januari 1542, wiki moja baada ya sikukuu, aliwaandikia wenzake wa Roma barua fupi. Aliomba radhi kwamba hawezi kuandika zaidi kwa sababu ya ugonjwa. Siku hiyo alikuwa ametolewa damu kwa mara ya saba, kwa vile matabibu wa wakati ule waliamini kwamba kumpunguza mgonjwa damu humponya, karibu na wazee wetu wa pwani wanavyoumika. Aliwajulisha kwamba anaendelea vizuri kiasi.

Tazama alivyokuwa. Mtu aliyetumwa na Papa na mfalme, aliyevuka bahari mbili kuja kuwapa wengine, siku ya kwanza ya mwaka yuko kitandani. Anashikwa mkono, anapewa maji, anaoshwa na wenzake. Mwezi mmoja ulimfanya mtoaji na mpokeaji.

Noeli ina maana gani basi?

Kwa Wakristo, zawadi za Noeli hazikuanzia dukani. Zinatokana na imani kwamba Mungu, alipotaka kuwapa watu kitu, alijitoa mwenyewe kwa kuja akiwa mtoto mchanga, tena mtoto wa watu waliokuwa safarini na wasio na nafasi katika nyumba ya wageni. Mtoto mchanga hana anachoweza kumpa mtu. Yeye ndiye anayehitaji kubebwa, kulishwa na kufunikwa. Imani hiyo inasema kwamba Mungu alikubali kupokea kutoka mikononi mwa binadamu.

Angalia pia waliofika kumwona. Wachungaji walikuja bila kitu kilichotajwa. Walikuja wao wenyewe, usiku, wakitoka kazini. Mamajusi walikuja na dhahabu, uvumba na manemane, kisha wakaondoka bila kudai chochote. Maria na Yosefu walipokea vyote viwili, ziara ya maskini na hazina ya matajiri. Haikupita muda, familia hiyo ilikimbilia Misri kwa sababu mfalme alitaka kumuua mtoto. Walikuwa wakimbizi.

Kwa hiyo Mkristo anayeogopa Noeli kwa sababu hana cha kutoa anaweza kujiuliza swali jingine: je, ni nani ninayeweza kukaa naye? Xavier hakuwa na dawa ya kumponya yule baharia. Alikuwa na kitanda, na alikuwa na usiku mmoja. Alivitoa.

Na Mkristo anayeona haya kupokea naye ana la kujifunza. Kwenye foleni ya mgao tumewasikia watu wazima, waliokuwa wakilisha wageni kwao, wakisema kwamba kinachowaumiza si njaa peke yake, bali kunyoosha mkono. Kupokea hakukuondolei utu wako. Hata yule tunayemwita mtakatifu alipokea hapa kwenye pwani yetu.

Malindi na Goa

Mapema mwaka 1542 gavana aliamua kuondoka, na Xavier akaenda naye akiwaacha wenzake kwa wagonjwa waliobaki. Walipita kaskazini hadi Malindi, katika Kenya ya leo, mji wa Waislamu uliokuwa na urafiki na Wareno. Mtu mmoja wa merikebu alifariki, wakamzika hapo. Xavier aliandika kwamba Waislamu wa Malindi walipendezwa na heshima aliyopewa marehemu katika mazishi yake. Mzee mmoja wa heshima wa mji alimwendea na kumuuliza kama Wakristo nao husali kwa bidii makanisani. Alisikitika kwamba katika misikiti 17 ya Malindi, ni mitatu tu iliyokuwa ikiendewa, tena na watu wachache.

Walifika Goa tarehe 6 Mei 1542. Xavier angeweza kukaa kwenye jumba la askofu, lakini alichagua hospitali. Asubuhi alikuwa kwa wagonjwa, kisha gerezani. Jumapili alikwenda nje ya mji kwa wagonjwa wa ukoma. Alipita barabarani akipiga kengele ndogo kuwakusanya watoto na watumwa awafundishe dini. Miaka iliyofuata alikaa na wavuvi wa lulu wa kusini mwa India, akavuka hadi Malaka na visiwa vya karafuu vya Indonesia ya leo. Tarehe 15 Agosti 1549 alishuka Kagoshima, Japani.

Huko Japani alijifunza jambo jingine kuhusu zawadi. Alitembea kwa miguu katika theluji, akiwa na nguo chakavu, hadi mji mkuu, na hakuna mkubwa aliyempokea. Akatambua kwamba kwa Wajapani, kwenda kwa mkubwa bila zawadi na bila mavazi ya heshima ni dharau. Mwaka 1551 alirudi mji wa Yamaguchi akiwa amevaa vizuri na kumletea mtawala Ouchi Yoshitaka vitu ambavyo havijawahi kuonekana huko, kama vile saa ya kupiga kengele na miwani. Mtawala alifurahi, akataka kumlipa kwa dhahabu na fedha. Xavier alikataa. Aliomba ruhusa ya kufundisha tu. Akapewa ruhusa, na jengo la hekalu lisilotumika la kukaa.

Funzo lake ni rahisi kwa anayeishi na watu wa makabila na dini mbalimbali, kama tunavyoishi sasa Wamwani, Wamakonde na Wamakua katika makazi mamoja. Zawadi nzuri ni ile inayoheshimu desturi za anayepewa. Anayetoa ndiye anayepaswa kujifunza kwanza.

Upande ambao hatuufichi

Xavier alikuwa mtu wa zama zake. Alisafiri katika merikebu za dola iliyofanya biashara kwa mizinga. Yule mzee wa Malindi aliyemjia kwa huzuni ya kweli alijibiwa kwa ukali, kwamba Mungu hapendezwi na sala za wasioamini. Tarehe 16 Mei 1546, kutoka kisiwa cha Ambon, alimwandikia mfalme wa Ureno akiomba mahakama ya kuwachunguza watu imani iwekwe Goa. Mahakama hiyo ilianza mwaka 1560, yeye akiwa ameshafariki, na watu wengi waliteswa nayo kwa miaka mingi.

Tunayaandika haya kwa sababu yanahusu zawadi. Mkono unaomlaza maskini kitandani ukishikana na mkono unaomtisha kwa ajili ya imani yake, zawadi inageuka bei. Katika makazi yetu kuna Waislamu, Wakristo na wenye imani za jadi, na wote walikimbia risasi zilezile. Msaada unaotolewa kwa sharti la kubadili dini, au kunyimwa mtu kwa sababu ya dini yake, ni kosa. Xavier aliyekesha na baharia bila kumuuliza anaweza kumlipa nini ndiye tunayemkumbuka katika msimu huu wa Noeli. Xavier wa ile barua ya Ambon hatumfuati.

Kibanda cha mwisho

Baada ya Japani alitamani kuingia China, iliyokuwa imefungwa kwa wageni. Mwishoni mwa Agosti 1552 alifika kisiwa cha Shangchuan, karibu na pwani ya China, akamngoja mfanyabiashara aliyeahidi kumvusha kwa siri. Mfanyabiashara hakuja. Vyombo vya Wareno vilianza kuondoka kimoja kimoja. Xavier alishikwa na homa akiwa kwenye kibanda kisichozuia upepo. Aliyebaki kumuuguza ni kijana wa Kichina aitwaye Antonio, aliyekuwa mkalimani wake. Xavier alifariki tarehe 3 Desemba 1552, akiwa na umri wa miaka 46.

Mwili wake ulipelekwa Goa, na mwaka 1622 Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mtakatifu. Leo shule, hospitali na makanisa mengi duniani yana jina lake. Lakini usiku ule alikuwa mgeni asiye na kitu, katika nchi isiyo yake, na uhai wake ulikuwa mikononi mwa kijana mmoja aliyekubali kutomwacha. Kama Xavier alivyomfanyia baharia katika Kisiwa cha Msumbiji miaka kumi na mmoja kabla, ndivyo Antonio alivyomfanyia yeye.

Noeli hii kwako

Ndugu msomaji, tunakuachia mambo machache ya kutenda.

Ikiwa wewe ni mzazi Mkristo, wasimulie watoto hadithi ya Bethlehemu bila kuona aibu kwa sababu huna nguo mpya za kuwavalisha. Waeleze kwamba mtoto Yesu naye alizaliwa safarini na alikimbizwa na wazazi wake. Kisha wachukue mwende pamoja kumwona mtu aliye peke yake: bibi asiye na mjukuu wa kumchotea maji, jirani mgonjwa, mama aliyejifungua juzi. Kumchotea ndoo moja ni zawadi ya Noeli. Kukaa naye saa nzima pia.

Ikiwa ulipokelewa na familia fulani ulipofika, rudi ukawasalimu hata kama mikono ni mitupu. Wao hawakukupokea ili walipwe. Ukiwa na kisamvu au samaki mmoja, peleka. Ukiwa huna, nenda vilevile.

Ikiwa wewe ni Mwislamu, huhitaji kuambiwa na Wakristo habari za sadaka. Wengi wetu tumekula sahani zilizotoka kwenu siku ya Idi, na tunatumaini zitarudi kwenu siku ya Noeli zikiwa na kitu ndani.

Na mwisho, jambo ambalo ofisi yetu hulirudia kila mara: msaada wa kibinadamu ni bure. Hakuna kiongozi, mfanyakazi wa shirika wala mtu wa kujitolea anayeruhusiwa kukuomba fedha, sehemu ya mgao wako, tendo la ngono au kubadili dini ili jina lako liandikwe. Likitokea, si kosa lako. Toa taarifa kwenye dawati la malalamiko la makazi yako, au mwambie mjumbe wa kamati unayemwamini. Jina lako litalindwa, na hutanyimwa mgao kwa kusema.

Tunawatakia Wakristo wote Noeli njema, na wakazi wote wa pwani yetu usiku wa amani.